Hotuba ya Kagera tunaijua kwa moyo, lakini nani kati yetu anamjua hata askari mmoja wa vita ile kwa jina?

#1 Kisiki cha Mpingo
Wakuu salama. Kila ikikaribia 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ile klipu ya Mwalimu Nyerere ya vita na Idi Amin wa Uganda inaanza kuzunguka kwenye magrupu, "uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo", mpaka mtoto wa darasa la tatu anaijua, watu wanaiweka hata kwenye mechi za watani wa jadi. Sasa jaribu kumuuliza kijana yeyote akutajie askari mmoja tu wa vita ile, sio jenerali, namaanisha askari wa kawaida, wa kijijini kwao au wa ukoo wao. Hana. Mimi nadai hivi, sisi tuliozaliwa baada ya 1979 tunaienzi hotuba, wapiganaji hatuwaenzi. Na sisemi vijana wana roho mbaya, nasema kuna mahali pamekatika kati ya wao na sisi na nataka tupatafute ni wapi. Shuleni? Serikalini? Au wazee wenyewe walinyamaza? Wenye baba, babu, mjomba aliyekwenda mstari wa mbele leteni ya kwenu.

#2 Pweza wa Feri
Nakaa siti ya mbele kabisa, msinisogeze.

#3 Fundi Redio
Shule mkuu, usiende mbali. Sisi Kagera tuliisoma kwa aya chache, Amin kavamia Oktoba 1978, tukampiga, uchumi ukayumba, funga daftari. Na swali la mtihani linalopendwa ni lile la kueleza athari za vita ya Kagera kwa uchumi wa Tanzania. Yaani mtoto anatoka pale anaijua vita kama hasara ya fedha, mafuta, foleni za sukari na sabuni, watu hawamo kabisa. Hakuna anayeambiwa kwamba jeshi letu lilikuwa dogo, halikufika hata elfu arobaini, likakuzwa ndani ya miezi michache mpaka zaidi ya laki moja kwa kuingiza mgambo, polisi, magereza na JKT. Hao maelfu walitoka wapi? Walitoka kwenye vijiji vyetu sisi. Wengi walikuwa wakulima wenye jembe mkononi juzi tu. Kama kitabu kingesema hivyo kila mwanafunzi angerudi nyumbani na swali.

Sasa hivi kuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, labda litasaidia, tusubiri tuone wanaandikaje.

#4 Mkosoaji Huru
Fundi sikubaliani na wewe. Hakuna shule iliyowafundisha vijana majina ya wachezaji wa Uingereza na wanayajua mpaka ya benchi. Kijana anamuenzi mtu akiona jamii inamuenzi. Sasa anaona nini? Mzee wa mtaa mzima mnajua alikwenda Uganda, na leo hana bima, nyumba inavuja, akienda ofisi fulani kuulizia haki zake anaambiwa alete vyeti ambavyo hakupewa. Kijana akiona vile anajifunza somo moja tu, kwamba ukijitoa kwa ajili ya nchi malipo yako ni kusahauliwa. Muwatunze kwanza wakiwa hai, heshima itakuja yenyewe.

#5 Mama Wawili
Hilo la vyeti Mkosoaji umenigusa. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, lori likachukuliwa na serikali kwa ajili ya vita naye akaenda nalo. Watu wanasahau kwamba magari mengi yaliyobeba askari na mizigo mwaka ule yalikuwa ya raia na mashirika, mabasi na malori, na madereva wake wengi walikwenda nayo hukohuko. Baba hakuwahi kuitwa askari, hana namba ya jeshi, hana medali. Alirudi na blanketi la kijivu, basi. Mpaka uzee wake alikuwa akiamka analikunja mraba, pembe kwa pembe, anapiga viganja juu yake mara mbili, ndipo anatoka nje. Sisi watoto tulikuwa tunaona ni tabia zake tu za ukali. Hakuna siku alikaa akatusimulia na hakuna siku tulimuuliza. Kwa hiyo kwenye swali la mleta mada, mimi nasema wazee walinyamaza. Na walinyamaza kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba walichofanya kinahesabika.

#6 Dogo wa 2002
Shikamooni wakubwa. Mnatulaumu vijana lakini wengi wetu tunajaribu sema hatujui pa kuanzia. Babu yangu mzaa mama alikuwa mgambo akaingia na kikosi mpaka Masaka. Binamu yangu alimuuliza siku moja "babu uliua wangapi?" mzee akanyanyuka akaenda zake shambani, akanuna wiki nzima. Mimi baadaye nikamfuata tofauti, nikamuuliza walikuwa wanakula nini kule. Mkuu! Mzee aliongea mpaka simu ikazima chaji. Maharage yenye mchanga, ndizi za mashambani ambazo wenyewe walikimbia, namna walivyokuwa wanakatazwa kuwasha moto usiku, jamaa aliyekuwa anajua kupika ugali kwenye debe la risasi. Na katikati ya habari za chakula akaanza kutaja watu kwa majina, huyu alitoka Kondoa, huyu Masasi, huyu hakurudi. Ninazo rekodi zote. Kwa hiyo tusiseme wazee wamenyamaza, wanaulizwa vibaya.

#7 Fundi Redio
Dogo umeshusha madini. Hizo rekodi zihifadhi sehemu mbili tofauti, simu zinaibiwa.

#8 Pweza wa Feri
Na wewe Fundi kila kitu ni kuhifadhi sehemu mbili, hata mchuzi 😂 ila kweli Dogo, usiache kwenye simu peke yake.

#9 Binti Kashozi
Mimi ni wa Kagera hukohuko naomba niseme na ya upande wetu. Mnapozungumzia kujitoa mnazungumzia aliyeshika bunduki tu. Raia wa kule kaskazini ya mto Kagera waliouawa na majeshi ya Amin wanakadiriwa kufika 1,500, na wanajeshi wetu waliokufa vita nzima idadi inayotajwa ni 373. Linganisha. Watu walikimbia na watoto mgongoni kuvuka mto, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Bibi yangu alikuwa anasema waliondoka chungu kikiwa jikoni. Ukifika Kyaka leo lile kanisa lililopigwa bado gofu lake limesimama pale juu karibu na daraja, kuta zina matundu, watoto wanachunga mbuzi hapo. Wasafiri wanapita wanapiga picha wanaondoka. Hao vijana mnaosema hawajui, sisi tumekulia ndani ya gofu lenyewe na bado hakuna anayetuuliza.

Na Kyaka kwenyewe nimesikia mtu juzi redioni anasema daraja tulilipua sisi kuwazuia wasivuke. Sio kweli jamani, walililipua wao Waganda, 3 Novemba 1978, ndege zao zilikuwa zimejaribu kulipiga zikashindwa wakaleta mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe. Wanajeshi wetu ndio walioweka daraja la kuelea wakavuka.

#10 Mwalimu wa Mahenge
Wadau mimi nafundisha Songea. Naona wote mnatafuta kosa la mtu, shule, serikali, wazee. Mimi naona ni suala la mahali na tarehe. Huku kwetu watoto wanawajua mashujaa wao wa Maji Maji zaidi ya miaka mia moja imepita. Kwa nini? Kwa sababu kila 27 Februari wanakwenda pale makumbusho Mahenge hapahapa Songea, siku ileile waliyonyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wanasimama kwenye kaburi la pamoja, wanasomewa majina. Mtoto anasikia jina la ukoo wake mwenyewe likisomwa. Nduna Songea Mbano amezikwa pembeni yake na kila mtoto anajua kwamba kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikuja hapa akakutana na wajukuu akaomba msamaha, wanafunzi wangu walikuwepo, waliuliza maswali nyumbani wiki nzima, wazazi wananipigia simu.

Sasa niambieni kijana wa Mbezi au wa Mwanza anakwenda wapi kusikia majina ya waliokufa Kagera?

#11 Mkosoaji Huru
Kaboya. Yapo makaburi ya mashujaa Kaboya wilaya ya Muleba, yametunzwa. Na waliokufa wakiwasaidia wenzetu wa Msumbiji wapo Naliendele, Mtwara.

#12 Mwalimu wa Mahenge
Najua Mkosoaji, nimefika Naliendele. Lakini ni wangapi wanafika? Kaboya ni ndani ya eneo la jeshi, Naliendele mpaka uwe na sababu ya kwenda. Mahenge watoto wanapita nje ya geti kila siku wakitoka shule. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema.

#13 Kisiki cha Mpingo
Mada inanoga. Kuna hili la maadhimisho yenyewe pia nataka watu waligusie. 25 Julai Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, balozi shada la maua, meya upinde na mshale, mwakilishi wa wanajeshi wastaafu shoka. Mwenge wa mashujaa unawashwa usiku wa manane. Ni tukio zito na mimi nikiliona kwenye runinga nywele zinasimama. Lakini vijana wanasema ni la wakubwa. Mnaonaje?

#14 Mama Wawili
Kisiki mimi silipingi, baba alikuwa analiangalia amesimama wima sebuleni tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuna kupita mbele ya tivii. Lakini ndio hivyo, lile ni la taifa. La familia halipo. Misiba yetu ya kawaida tu tunafanya arobaini, tunafanya kisomo cha kila mwaka, hawa je?

#15 Sauti ya Samora
Ngoja nilete lingine. Mnaongelea Kagera tu kana kwamba vita zilianza 1978. Pale katikati ya Dar kuna sanamu ya Askari, watu wanapita kila siku wanapatana hapo "tukutane Askari Monument", hawajui ni askari gani. Ni askari wa Mjerumani yule wa vita ya kwanza ya dunia, nao ni babu zetu, nani anawaenzi?

#16 Mwalimu wa Mahenge
Sauti, hapo tuweke sawa. Mahali pale palikuwa na sanamu ya Mjerumani mwenyewe, von Wissmann, Waingereza walipoingia wakaiondoa. Huyu askari wa shaba aliwekwa na Waingereza 1927 kuwakumbuka askari Waafrika na wapagazi waliokuwa upande wao, na sanamu ndugu zake zipo Nairobi na Mombasa. Maandishi yake yapo ya Kiswahili, yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hilo la kuwaenzi lakini naliunga mkono. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kukaribia laki moja, njaa, kuhara, malaria, mizigo. Walizikwa njiani bila jina.

#17 Mkosoaji Huru
Hapa mimi ndio napingana na nyie wote. Mpagazi alikamatwa na kamba akabebeshwa mzigo wa mzungu kwenda kumpiga mzungu mwingine. Huyo ni mhanga, tumlilie. Lakini ushujaa na sadaka ni kwa aliyechagua, aliyeipigania nchi yake. Askari wa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, alimpigania mfalme wa Uingereza. Tukiwachanganya wote kwenye kapu moja hata neno linakosa uzito kwa vijana ndio maana hawaelewi tunawaenzi kwa lipi.

#18 Fundi Redio
Mkosoaji basi niambie kuhusu Jenerali Musuguri. Yule mzee alijiunga KAR 1942 akapigana Madagascar kwa mfalme huyohuyo. Halafu ndiye aliyeongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda. Amefariki Oktoba 2024 ana miaka 104. Mtu mmoja huyohuyo, mafunzo yaleyale. Unamkata katikati? Nusu shujaa nusu mhanga?

#19 Mkosoaji Huru
Simkati. Namuenzi kwa Kagera. Madagascar ilikuwa kazi.

#20 Msafiri wa Thika Road
Sasa wazee, mimi ni Mkenya nasoma tu kimyakimya lakini hapa lazima niingie. Mjadala wa Mkosoaji huku kwetu uko ndani ya nyumba. Babu yangu mmoja alikuwa KAR akapelekwa Burma, yule mwingine aliingia msituni na Mau Mau. Waliozana watoto na hawakuwahi kukaa meza moja. Mau Mau ilikuwa imepigwa marufuku kisheria mpaka 2003, fikiria hilo, uhuru tumepata 1963. Kwa hiyo kizazi kizima cha baba zetu kilikua kinaogopa kutaja kwamba mzee wao alikuwa msituni. Kesi ya wazee wa Mau Mau kule London ikaisha 2013, Waingereza wakalipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228, na mnara ukajengwa Uhuru Park 2015. Siku ile ndio wajukuu walianza kuuliza. Sio kwa sababu ya pesa tu, ni kwa sababu mtu mwingine alikubali hadharani kwamba hawa wazee waliumizwa na hawadanganyi.

Na wa KAR pia wana yao. Februari 1944 meli inaitwa Khedive Ismail ilizamishwa na Wajapani ikielekea Ceylon, Sri Lanka ya leo, karibu watu 1,300 walikufa kwa dakika chache, ndani yake kulikuwa na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki. Nani hapa alishawahi kuisikia? Hao walikuwa vijana wa miaka ishirini. Kama si mashujaa sawa, lakini wana mama zao waliongoja.

#21 Binti Kashozi
Sijawahi kuisikia hata siku moja. Asante Msafiri.

#22 Pweza wa Feri
Mkenya kaingia na uzi umebadilika gia. Karibu sana jirani, tutakusamehe ya mpira.

#23 Sauti ya Samora
Na hao wa KAR mkumbuke walipunjwa. Uchunguzi uliotoka 2019 ulionyesha kwamba kiinua mgongo cha mwisho wa vita ya pili kililipwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika karibu theluthi ya mzungu mwenye cheo kilekile. Na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwenyewe 2021 kwamba Waafrika na Waasia zaidi ya laki moja waliokufa vita ya kwanza hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo hata makaburi yenye nyasi zilizokatwa vizuri hayajasema ukweli wote.

#24 Mama Wawili
Vyeti tena. Kuna kisa kinasimuliwa sana kuhusu wale wa Mjerumani, kwamba miaka ya sitini serikali ya Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wake wa zamani, wazee walikuja Mwanza wengi hawana karatasi yoyote. Afisa akatoa ufagio, kila mzee akapewa kama bunduki akaamriwa kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea. Nikikisikia namkumbuka baba na lile blanketi lake. Angepewa mtihani wa kulikunja angepita.

#25 Kofia Ngumu
Nimeonyeshwa uzi huu na mwanangu. Nimestaafu jeshi zamani, nilikwenda vita hiyo nikiwa kijana kuliko wengi wenu hapa. Nina machache.

Kwanza, watu wanasema vita iliisha tulipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Hapana. Tuliendelea kaskazini mpaka mpakani na Sudani, ikaisha Juni 3. Kuna wenzetu walikufa katika miezi hiyo ya mwisho wakati huku nyumbani watu walishasherehekea.

Pili, toka Mutukula mpaka Kampala sehemu kubwa tulitembea. Masika. Buti inaoza mguuni, unafunga soli kwa kamba ya katani. Pale Lukaya, Machi 10, brigedi ya 201 ilikuwa na mgambo wengi ambao hawajawahi kusikia mzinga, roketi za Walibya zikashuka, safu ikavunjika, watu wakaingia kinamasi. Kesho yake brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ikazunguka ikaja kutokea upande wa pili na sisi tukajikusanya tukarudi. Waliorudi ni walewale waliokimbia jana. Mimi hao ndio nawapa heshima ya juu kabisa, mtu aliyekwishaijua hofu yake na akarudi. Vitabu haviwaandiki kwa sababu walikimbia.

Nilikuwa na mwenzangu tunakula mestini moja, lile kopo la chakula la askari, alikuwa amechonga jina lake kwa msumari chini yake. Alikufa Lukaya. Mestini nilitembea nayo mpaka mwisho, vita ilipokwisha niliipeleka kwao, kwa mama yake. Sijui wajukuu wa ukoo ule kama wanajua ile ni nini.

Kuhusu kunyamaza. Tuliapa, na yapo mambo huruhusiwi kusema. Lakini mengi tulinyamaza kwa sababu ukisema unaonekana unajisifu, na wa kujisifu wote wamelala Kaboya.

#26 Dogo wa 2002
Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Naomba ukiwa na nafasi uendelee.

#27 Binti Kashozi
Shikamoo baba. Asante kwa kuja kutukomboa. Nasema kwa niaba ya bibi yangu, hakuwahi kupata nafasi.

#28 Kofia Ngumu
Marahaba wanangu. Bibi zako walitupikia ndizi tuliporudi kuvuka mto, wala wenyewe hawakuwa nazo za kutosha.

#29 Mkosoaji Huru
Mzee shikamoo, heshima yako. Nina swali ambalo nauliza kwa nia njema. Wewe ungetaka vijana wafanye nini hasa? Maana huku tunabishana shule, mnara, pensheni.

#30 Kofia Ngumu
Pensheni kwanza, hapo ulisema kweli kwenye posti yako ya mwanzo, mzee mwenye njaa usimletee wimbo. Halafu msije kwangu na asante. Mje mniulize habari za fulani na fulani. Mimi nikitajiwa jina la mwenzangu nasikia vizuri kuliko nikipigiwa saluti.

#31 Fundi Redio
Basi mzee mwenyewe kaunga mkono njia ya Dogo. Mimi napendekeza mwalimu wa historia yeyote humu awape wanafunzi kazi ya likizo, kila mmoja atafute mtu mmoja wa kijijini kwake aliyekwenda, aandike jina, alikotoka, kikosi kama anakumbuka, alirudi au hakurudi.

#32 Mwalimu wa Mahenge
Nitaijaribu kwa kidato cha tatu. Lakini Fundi usifurahi mapema, hii haiondoi hoja yangu ya mahali. Wakishaandika hayo majina watayasoma wapi? Daftari litaishia kufungia maandazi.

#33 Mkosoaji Huru
Wala haiondoi yangu. Kuandika majina ni bure, ndio maana kila mtu anaipenda. Bima ya mzee ina gharama. Na hatujagusa hawa wa juzi, vijana wetu 14 waliouawa Kongo kwenye kambi ya Semuliki Desemba 2017 wakiwa walinda amani. Wale wana watoto wadogo sasa hivi wako shule ya msingi na sekondari. Tutasubiri nao wafike miaka arobaini ndipo tufungue uzi?

#34 Mama Wawili
Hapo Mkosoaji umesema. Mmoja wao alizikwa wilaya ya jirani na kwetu. Mjane wake namwona sokoni, watu wanamwita mama fulani tu, nusu ya soko haijui.

#35 Msafiri wa Thika Road
Nyinyi mna bahati moja, vita yenu kubwa mlikuwa upande mmoja wote. Sisi bado hatujakubaliana nani alikuwa nani.

#36 Mkosoaji Huru
Upande mmoja kwa Kagera, Msafiri. Turudi kwa KAR na wapagazi mimi bado sijakubali.

#37 Sauti ya Samora
Najua hujakubali. Jumamosi niko mjini, twende pale kwenye sanamu tuyasome maandishi yote wenyewe, halafu unibishie pale pale mbele ya askari.

#38 Mkosoaji Huru
Saa ngapi?

#39 Sauti ya Samora
Saa kumi, jua likipungua. Mwambie na Pweza, Feri pale ni mwendo wa miguu tu.

#40 Pweza wa Feri
Nakuja. Na Dogo aje na hizo rekodi, kama babu yake ameruhusu.